Usubi Aliyeishi Mgongoni mwa Kaa

Mwaka 1915 Émile Roubaud, mtaalamu wa wadudu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alimpa usubi mmoja wa Afrika Mashariki jina la Simulium neavei. Jina hilo lilimheshimu Sheffield Neave, Mwingereza aliyezunguka nchi zetu akikusanya wadudu. Kuanzia siku hiyo usubi huyo alikuwa na cheti cha kuzaliwa, ila mahali alipozaliwa hapakujulikana. Watu walimwona akiuma. Walimkamata, wakamtoboa kwa pini, wakampeleka Ulaya ndani ya kisanduku. Lakini mabuu wake na pupa zake hakuna aliyeweza kuzionyesha hadi 1950. Ni miaka 35 hiyo, na katika miaka hiyo yote usubi huyu alikuwa akipofusha watu katika mabonde ya mito inayoteremka kuja ziwani kwetu.

Mimi nimestaafu kazi ya kutambua wadudu wa majini. Niliifanya Kisumu, katika chumba kimoja cha serikali chenye meza ndefu, hadubini mbili na harufu ya spiriti isiyotoka hata ufungue madirisha yote. Watu wakiniuliza kazi yangu ilikuwa nini, nilikuwa nasema nahesabu miguu. Wanacheka, lakini sikuwa natania. Chupa inaletwa kutoka mtoni, unaimwaga kwenye sahani nyeupe, unaanza kutenga kwa brashi ndogo: huyu ni mbu, huyu ni kereng'ende mchanga, huyu ni konokono wa kichocho, huyu hatuhusu.

Miongoni mwa wale wasiotuhusu, niliyempenda kuliko wote ni yule mdudu mwembamba anayetembea juu ya maji bila kuzama. Kila aliyelelewa karibu na kijito anamjua. Miguu yake ya mbele ni mifupi, ya kukamatia windo. Ile ya katikati ni mirefu na ndiyo inayomsukuma, na ya nyuma inamwongoza. Vinywele vya miguuni vimeshika hewa, kwa hiyo maji hayamlowi. Kumjua kwamba ni wa jamaa ya Gerridae ni kazi ya dakika moja. Kumjua ni wa spishi gani ni habari nyingine kabisa: inabidi umpate dume, umgeuze, uangalie pingili za mwisho za tumbo lake na viungo vya uzazi, maana majike wa spishi mbili wanaweza kufanana kama mapacha. Na ukishamjua, hakuna mkubwa atakayekupigia simu kukuuliza. Hamuumi mtu. Namtaja kwa sababu anaishi wazi, mchana kweupe, juu kabisa ya maji, na bado ni wachache wanaoweza kusema ni nani hasa. Simulium neavei alikuwa kinyume chake. Kila mtu alimtaka, na hakuonekana.

Usubi wetu asichanganywe na wale wadudu wa ziwa wanaoinuka kutoka majini kwa mamilioni, hadi wavuvi wa Dunga wanadhani kuna moshi upande wa Uganda. Wale hawaumi. Wanaingia machoni, wanaingia kwenye chai, basi. Usubi ninayemzungumzia ana milimita chache tu za mwili, ana nundu mgongoni, na jike lake linahitaji damu ili mayai yapevuke. Haishi ufukweni. Anapenda mito yenye kasi inayopita chini ya vivuli vya miti, huko juu Kodera karibu na Oyugis, bonde la Riana, Kaimosi na msitu wa Kakamega. Akiuma huacha mbegu za maradhi ndani ya ngozi: vijiminyoo vya Onchocerca volvulus. Vikikomaa huzaa vijiminyoo vingine, ambavyo hutembea chini ya ngozi, ngozi inawasha hadi mtu analala na kigae cha kujikunia, na vikifika machoni kwa wingi, miaka ikipita, mtu haoni tena.

Mnyoo wenyewe ulielezwa na Mjerumani Leuckart mwaka 1893, kutokana na vinundu vilivyotolewa kwa watu wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Uhusiano wake na macho ulionwa kwanza na Rodolfo Robles huko Guatemala, kabla ya vita vya kwanza vya dunia kwisha. Huku kwetu, mwaka 1921, F. W. Dry alichapisha makala kuhusu ugonjwa wa watu wa Kenya ambao alishuku unaenezwa na usubi. Alishuku tu, na alikuwa sahihi. Ushahidi kamili ulikuja 1926, mtafiti Blacklock alipoufuatilia mnyoo ndani ya usubi mwingine huko Sierra Leone. Mwaka 1932 daktari Mbelgiji, Jean Hissette, akaeleza habari za vipofu wengi aliowakuta kando ya mto Sankuru katika Kongo. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema Afrika haina ugonjwa huu.

Serikali ya ukoloni haikuwa na haraka. Kisumu ya wakati huo ilikuwa na hofu zake za karibu zaidi. Reli ilifika ufukweni Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence, na wakati huohuo ugonjwa wa malale ulikuwa ukimaliza watu ng'ambo ya ziwa, Busoga na visiwani. Malaria nayo ilikuwa mlangoni. P. C. C. Garnham, daktari aliyekuja Kenya mwaka 1925, aliandika kuhusu malaria ya Kisumu mwaka 1929. Wasomi wa Ulaya wanamkumbuka Garnham kwa jambo lingine: mwaka 1948, akiwa London na Henry Shortt, alionyesha kwamba vimelea vya malaria hujificha kwanza ndani ya ini kabla ya kuingia kwenye damu. Kwa maoni yangu mtu huyo alikuwa na kipaji cha kushuku maficho. Na huku kwetu alikuwa tayari amekutana na maficho yaliyomshinda.

Wenzake walikuwa wamepekua mito. Mabuu wa usubi wanajulikana kwa tabia yao: buu hutengeneza kitundiko cha hariri juu ya jiwe au jani lililo ndani ya maji yanayokimbia, hujishikiza hapo kwa kulabu za mkiani, kisha hufungua vipepeo viwili vya kichwani na kuchuja chakula kinachopita. Akikua hujisukia kifuko, anakuwa pupa, na nje ya kifuko zinatoka nyuzi za kupumulia. Sisi mafundi tunazihesabu nyuzi hizo, tunaangalia zinavyogawanyika, na hapo ndipo spishi hutengana. Kwa hiyo mtu aliyetaka kumpata mtoto wa S. neavei alijua achunguze wapi: mawe, mizizi, majani yanayoburutwa na mkondo. Walichunguza. Walipata mabuu wa usubi wa aina nyingine, wengi tu. Wa huyu, hata mmoja.

Hapa ndipo historia hii inaponifurahisha na kunikera kwa pamoja. Mwaka 1946 Garnham na mwenzake J. P. McMahon waliamua kutosubiri. Vita vilikuwa vimekwisha na DDT ilikuwa imefika. Ilikuwa dawa mpya, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939. Mito ya Kodera ikatiwa DDT kwa vipimo, tena na tena kwa vipindi. Hoja yao ilikuwa rahisi: popote alipo huyo buu, maji lazima yamfikie. Usubi akatoweka Kodera. Makala yao ilitoka 1947, na inasimama kati ya kazi za kwanza duniani zilizomfuta usubi mwenezaji kwenye eneo zima kwa kutia dawa mtoni. Walimuua mtu wasiyejua nyumba yake.

Nimesoma wanaosifu kazi hiyo, nami naisifu. Mama aliyebaki na macho yake hatauliza dawa gani ilitumika. Lakini DDT haichagui. Yule mdudu wangu anayetembea juu ya maji, mabuu wa kereng'ende, kila chenye miguu sita kilichokuwa Kodera mwaka huo kilikuwa ndani ya sumu hiyohiyo. Natamani mtu angepita mtoni mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baadaye, na chupa na brashi.

Kulikuwa na njia nyingine. J. J. C. Buckley, mtaalamu wa minyoo kutoka London, alifanya utafiti wa ugonjwa huu Nyanza na kuchapisha matokeo mwaka 1949 na 1951. Alieleza jinsi S. neavei alivyotoweka mahali ambapo vichaka vya kando ya mto vilifyekwa. Hakuna sumu hapo, panga tu. Usubi huyu ni wa kivulini, jua likifika mtoni maisha yanamshinda. Leo ukitazama kingo nyingi za mito ya Nyanza utaona tumeendelea kufyeka bila hata kufikiria usubi, kwa ajili ya makaa na mashamba, na udongo wote unaishia ziwani. Hiyo ni makala nyingine.

Sasa kaa. Mwaka 1950 jarida la Nature lilichapisha taarifa fupi ya E. C. C. van Someren na McMahon. Kwanza ilieleza kuhusu mabuu wa usubi walioonekana wakiwa wamejishikiza kwenye miili ya wadudu wengine wa mtoni, jamaa ya Afronurus, wale ambao wakiota mabawa huishi muda mfupi sana. Buu aliyepanda mdudu: hilo peke yake lilikuwa geni. Kisha wakasema jambo kubwa zaidi. Mabuu na pupa za S. neavei zimepatikana, na ziko juu ya kaa wa mtoni.

Ukilifikiria kwa makini utaona kwa nini ilichukua miaka 35. Mtafiti anaingia mtoni na kuinua jiwe. Chini ya jiwe kuna kaa, na kaa anafanya kile ambacho kaa wote hufanya, anakimbia. Mtafiti anageuza jiwe, anaweka kioo jichoni, analikagua upande wa juu na upande wa chini, anaandika kwenye daftari kwamba hakuna kitu. Alichokuwa anatafuta kimekwenda upande, kwa miguu minane, hadi chini ya jiwe jingine.

Mzee aliyenifundisha kazi ya mtoni, aliyekuwa karibu kustaafu nilipoajiriwa, alikuwa na namna moja tu ya kulieleza. Siku ya kwanza tulipoenda pamoja nilikuwa nimechuchumaa, nasugua jiwe kwa kisu kama kitabu kilivyosema.

"Omera," akaniambia, "yule aliyekimbia umemwona?"

"Kaa, Mzee?"

"Mlete."

Nikamleta, baada ya kubanwa kidole. Akamshika kwa mgongo kwa vidole viwili, akamgeuza polepole mwangani, akapitisha ncha ya kalamu kwenye gamba na kwenye mashina ya magando. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa miaka mingi baada ya usubi kufutwa, na alijua hapatakuwa na kitu. Alitaka nijue jinsi ya kutazama.

Na kaa ni makao mazuri kuliko jiwe, ukikaa kufikiri kama buu. Jiwe hubaki pale lilipo hata maji yakipungua na mkondo ukahama. Kaa hufuata maji. Akiingia chini ya mwamba, buu naye amejificha samaki wasimwone. Hasara ipo pia. Kaa akiambua gamba lake, wapangaji wote wanabaki kwenye gamba tupu. Usubi wa kundi hilohilo, Simulium woodi, alikuja kuchunguzwa sana Tanzania katika milima ya Usambara, karibu na Amani, naye pia huishi juu ya kaa. Ni tabia ya ukoo.

Ugunduzi huo uliifanya kazi iliyobaki kuwa na macho. Kodera walikuwa wakijua wameshinda pale tu watu walipoacha kuumwa. Kaimosi na Kakamega, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wangeweza kukamata kaa kabla ya dawa na baada ya dawa, na kuhesabu. Kufikia katikati ya muongo huo S. neavei alikuwa amefutwa katika mabonde yake ya Kenya, ukiacha wasiwasi wa upande wa mlima Elgon, ambako mito na misitu haijui mpaka wa Uganda. McMahon, R. B. Highton na H. Goiny waliandika habari yote mwaka 1958 katika taarifa za Shirika la Afya Duniani. Majina matatu. Waliokuwa wakiingia mtoni alfajiri na vikapu vya kaa hawakuwa watatu, nawahakikishia. Ukisoma makala za enzi hizo utakuta shukrani kwa maafisa wa wilaya, wakati mwingine kwa mmisheni fulani aliyetoa nyumba. Waliokamata kaa huitwa wafanyakazi, kwa jumla.

Highton alibaki Kisumu na mbu. Huko alikutana na fumbo la aina tofauti kabisa, na nitalipitia kwa haraka kwa kuwa linastahili makala yake. Mbu mkuu wa malaria, Anopheles gambiae, aliyepewa jina na Giles mwaka 1902, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionekana si mmoja. G. Davidson na H. E. Paterson walionyesha kwamba ukiwapandisha mbu wa makundi fulani, watoto wao wa kiume ni tasa. Kwa macho ni mbu yuleyule: mabawa yaleyale, miguu ileile, na hadubini haisaidii. Mmojawapo ni Anopheles arabiensis, anayependa sana ng'ombe. Mwaka 1979 Highton na wenzake walichapisha kazi yao ya kuwatenga gambiae na arabiensis katika eneo la Kisumu, baada ya yeye na J. A. Chandler kufuatilia mbu wa mashamba ya mpunga ya Ahero. Aliyetambua mbu kwa kuhesabu madoa ya mabawa sasa aliambiwa madoa hayatoshi. Siku hizi kazi hiyo inafanywa kwa vinasaba, katika taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, huko Kisian, na huko Mbita, na kijana wa maabara anaweza kumtaja mbu ambaye hakuwahi kumtazama usoni. Sisemi ni vibaya.

Nikitaja Mbita lazima nimtaje Thomas Odhiambo. Wengi wanamjua kama mwanzilishi wa ICIPE mwaka 1970, kituo cha wadudu ambacho tawi lake la Mbita liko ufukweni mwa ziwa. Wachache wanajua kwamba alianza na kazi kama yangu, ila kwa kiwango cha juu mno. Alisoma Maseno, akaenda Makerere, na alipokuwa mtaalamu wa wadudu wa kilimo Uganda alijishughulisha na wadudu wa jamaa ya Miridae, wafyonzaji wa majani, ambao kiukoo ni ndugu wa yule anayetembea juu ya maji. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 alikuwa akiwaeleza na kuwapa majina, pingili kwa pingili, na mwaka 1962 Makumbusho ya Uingereza ilichapisha uchambuzi wake wa baadhi ya koo za wadudu hao. Yaani mtu wa Siaya alikuwa anaamua majina ambayo London ingeyatumia.

Lakini makala yake ninayoipenda ni ya 1959, na haihusu jina. Ni kuhusu Rhinocoris albospilus, mdudu muuaji anayefyonza wadudu wengine. Odhiambo alieleza kwamba baba ndiye anayelinda mayai. Anakaa juu yake, anawafukuza nyigu wadogo wanaotaka kutagia humo, na majike wengine wanakuja kuongeza mayai yao kwenye lindo lake. Jambo hilo hulioni kwenye mdudu aliyechomwa pini. Inabidi ukae mahali pamoja, juani, ukitazama jani lile lile siku nyingi. Kwangu mimi huo ndio ufundi uliokosekana kwa S. neavei tangu 1915: walikuwa na mwili wake kamili ndani ya kisanduku, na hawakuwa na mtu aliyeketi mtoni muda wa kutosha kumtazama kaa.

Habari ya Kodera ina mkia mrefu. Usubi alipokwisha, wagonjwa walibaki, na minyoo ilibaki ndani yao, bila mpya kuongezeka. Bila mtu kukusudia, mabonde yetu yakawa mahali pa kupimia umri wa mnyoo. J. M. D. Roberts na wenzake, Highton akiwa mmoja wao, waliwapima watu wa maeneo ambayo usubi alikuwa amefutwa miaka 9, 11 na 18 nyuma, na wakachapisha mwaka 1967. Miaka 9 baadaye watu bado walikuwa na vijiminyoo ngozini. Miaka 11, bado. Miaka 18, ugonjwa ulikuwa karibu umekwisha. Hesabu hiyo ilisafiri. Mwaka 1974, mpango mkubwa wa kupambana na usubi ulipoanza Afrika Magharibi, wakubwa wake walipaswa kujua wanyunyizie mito kwa miaka mingapi kabla ya kusimama, na jibu la karibu zaidi lilikuwa ndani ya ngozi za wazee wa Nyanza.

Tangu 1987 kuna dawa ya kumeza, ivermectin, inayotolewa bure na kampuni ya Merck, na waliochangia ugunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata tuzo ya Nobel 2015. Upande wa Elgon ndani ya Uganda walitumia vyote viwili, vidonge kwa watu na dawa mtoni, na mwaka 2014 watafiti walichapisha kwamba maambukizi yamekatika. Kati ya ushahidi wao ni kaa. Wanaume na vijana wa vijiji vya huko wanatega, wanakamata, wanamkagua kila mmoja, wanamrudisha majini, na daftarini wanaandika sifuri. Ni kazi ngumu kuandika sifuri mwezi baada ya mwezi na bado kumgeuza kaa anayefuata kwa uangalifu uleule. Wanaoifanya sasa wana daftari lenye safu ya jina la mkaguzi, na nimefurahi kusikia hivyo.